Nilimwambia mteja "ni nusu saa tu": bolti moja iliyokula faida yangu yote

Leo siongelei picha za bidhaa wala saa nzuri ya kupost. Naongelea bolti. Bolti moja ya kichwa namba 14, imeshika kutu, iko chini kwenye injini ya gari dogo mahali ambapo mkono mmoja tu unaingia, tena kwa kujikunja. Bolti hiyo ilinifundisha biashara kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Kama unauza spea mtandaoni, hii ni yako moja kwa moja. Kama unauza koki za bomba, feni za dari, majiko ya gesi au vioo vya simu, soma pia. Sote tunauza vitu vinavyokwenda kufungwa mahali ambapo sisi hatujawahi kupaona.

ILIVYOANZA

Mimi nina duka dogo la spea used hapa Ilala, na wateja wangu wengi wananipata WhatsApp na Instagram. Alhamisi moja jioni akanitafuta dada mmoja wa Kigamboni. Yeye mwenyewe ni muuzaji wa mtandaoni kama sisi, anauza nguo, na anapeleka mizigo kwa wateja wake kwa Toyota IST yake. Taa ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Fundi wake alishamnunulisha betri mpya, gari likatembea siku mbili, likazima tena. Basi wakajua kumbe tatizo ni alteneta.

Nilikuwa nayo, ya IST, nzima, nimeshaipima. Nikampa bei 130,000. Akaniuliza, "Kaka, kufunga inachukua muda gani? Jumamosi nina oda kumi na moja za kupeleka."

Nikamjibu haraka haraka kama tunavyojibu sote tukiogopa mteja asikimbie: "Dada yangu usijali, ni kazi ya nusu saa tu. Bolti mbili, waya mmoja na soketi moja, mkanda unarudi, umemaliza."

Akalipa. Ijumaa asubuhi nikampa boda, akavuka na pantoni, mzigo ukafika kabla ya saa tano. Nikafurahi, nikapost na statasi kabisa.

Saa kumi jioni ikaja voisi. Sauti imebadilika. "Kaka, fundi anasema alteneta yako haifai. Naomba hela yangu."

Nilikuwa nimeshaandika meseji ndefu ya kujibu kwa ukali. Kwamba mimi siuzi vitu vibovu, kwamba nimepima, kwamba fundi wake hajui kazi. Bahati nzuri kabla sijaituma nikamwomba picha. Picha ilipofika nikaona alteneta yangu imelala sakafuni, safi, haijaguswa. Kwenye gari, ile ya zamani ilikuwa bado imekaa pale pale. Bolti ya juu imetoka. Bolti ndefu ya chini, ile ambayo alteneta inaegemea, kichwa chake kimelika pembe zote, kimekuwa duara kama kifungo cha shati.

Yaani mzigo wangu haukuwa na shida hata kidogo. Tatizo ni kwamba cha zamani kilikataa kutoka. Lakini kwa mteja hakuna tofauti. Yeye ametoa 130,000 na gari bado halitembei, na kesho ana oda kumi na moja.

KWA NINI BOLTI INAGOMA

Jumamosi mchana nilivuka mwenyewe kwenda Kigamboni. Sikwenda peke yangu. Nilimchukua fundi mzee mmoja jirani yangu, mtu wa miaka mingi kwenye gereji, haongei sana. Njiani nikamuuliza, "Shikamoo yangu ulishaitikia, sasa nifundishe. Bolti inashikaje hivi wakati ilifungwa kwa mkono?"

Akanieleza, na mimi nawapa kwa maneno yangu.

Bolti ni chuma. Sikio la alteneta ni aluminiamu. Vyuma viwili tofauti vikigusana na pakawa na unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama wetu wa pwani, kimoja kinaanza kuliwa. Hapo aluminiamu ndiyo inayoumia, inatoa unga mweupe. Chuma nacho kikipata kutu, kutu hiyo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Sasa ndani ya tundu jembamba, unga na kutu vinavimba havina pa kwenda. Vinabana bolti kama kabari ya mpini wa jembe.

Ndiyo maana bolti iliyofungwa kwa nguvu ya kawaida miaka kumi iliyopita leo inataka nguvu mara kadhaa. Na bolti yenyewe haijaongezeka uimara. Ukiongeza nguvu tu bila kuondoa kile kinachobana, kuna vitu viwili: kichwa kinalika au bolti inakatika. Bolti ya kichwa namba 14 kwenye magari mengi ya Kijapani ina unene wa milimita 10 tu. Ukiweka bomba la mita moja kwenye spana na kuning'inia, wewe ndiye utakayeshinda, na huo ushindi hutaupenda.

TULIVYOITOA, HATUA KWA HATUA

Naandika hatua hizi kwa sababu mbili. Moja, unayeuza spea uweze kumsaidia mteja na fundi wake. Mbili, ujue kazi halisi ilivyo kabla hujaahidi muda.

1. Betri kwanza. Fundi mzee hakugusa kitu kabla ya kuchomoa waya wa hasi kwenye betri. Ule waya mnene wa alteneta unatoka moja kwa moja kwenye betri, una umeme hata gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni. Spana ikigusa hapo na ikagusa bodi kwa wakati mmoja, ni cheche, na spana inaweza kuungua mkononi mwako.

2. Tengeneza nafasi. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipokosea, na wengi wanakosea hapa. Yeye alikuwa anafanyia kazi kwa juu, mkono umepita katikati ya mabomba, spana imekaa upande upande. Fundi mzee alipoangalia tu akasema, "Toeni tairi la mbele kulia." Tukapiga jeki, tukaweka stendi. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tairi likatoka, plastiki ya kuzuia matope ikatoka, na kile kichwa cha bolti kikaonekana usoni, unaweza kukipiga soketi ikiwa imenyooka. Dakika ishirini za kufungua vitu ambavyo "havihusiki" ndizo zilizookoa kazi.

3. Hakikisha unavuta upande gani. Msicheke. Nilimuuliza yule fundi kijana alikuwa anavuta kwenda wapi, akanionyesha kwa mkono. Fundi mzee akatabasamu. Kumbe alipokuwa ameinama kwa juu, alikuwa anaiangalia bolti kutokea nyuma yake. Sehemu ya nguvu zile zote ilikuwa inakaza! Kanuni ni hii: jifikirie umekaa mbele ya kichwa cha bolti unakitazama. Kinyume na mshale wa saa ni kulegeza. Ukiwa nyuma yake, mkono wako utaona kama imegeuka. Kama huna uhakika, shika bolti nyingine mkononi, ielekeze vilevile ilivyo ile ya kwenye gari, halafu izungushe kwanza hiyo.

4. Safisha kichwa. Brashi ya waya, toa tope na kutu mpaka chuma kionekane. Soketi isipoingia mpaka mwisho, inashika ncha tu za pembe, na ncha ndizo zinazolika. Tumia soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili. Ya pembe sita inasukuma kwenye ubavu wa kichwa, ya kumi na mbili inasukuma karibu na kona.

5. Mafuta na subira. Tulipuliza mafuta ya kupenya kutu pande zote mbili, pale bolti inapoingia na pale inapotokea. Watu wengi wanatumia WD-40 kwa kila kitu. Inasaidia, lakini hizo herufi WD maana yake ni kufukuza maji, ndiyo kazi iliyotengenezewa mwanzo. Kwa bolti iliyoshika kweli, tafuta kopo lililoandikwa ni la kulegezea kutu. Halafu usipulize na kuvuta hapo hapo. Puliza, gonga kichwa kidogo kidogo kwa nyundo ili mtikisiko ufungue njia ya mafuta, acha, rudia. Sisi tulipuliza saa kumi jioni, saa kumi na mbili, na saa mbili usiku dada mwenyewe akapuliza tena. Tukaondoka. Hatukuvuta spana hata mara moja siku hiyo.

Fikiria hapo. Nimevuka na pantoni, nimelipa fundi, na siku imeisha bolti haijaguswa spana. Mimi nilikuwa nachemka ndani kwa ndani. Fundi mzee alikuwa anakunywa chai.

6. Kichwa kilicholika kinatafutiwa soketi ndogo. Jumapili asubuhi alichukua soketi ya namba 13, ya pembe sita, ile ya zamani asiyoionea huruma. Akaiweka kwenye kichwa kilichokuwa cha 14 na kuigonga kwa nyundo mpaka ikaingia kwa kubana. Sasa ikawa imeshika. Kama tungekuwa bado tunafanyia kwa juu, nyundo isingepata nafasi hata ya kunyanyuka. Ndiyo faida ya kutoa tairi.

7. Kaza kwanza, ndipo ulegeze. Hili lilinishangaza. Alianza kwa kusukuma kidogo upande wa kukaza. Kidogo sana, mpaka aliposikia "tik". Ule mlio ni kutu inavunjika. Ndipo akarudi upande wa kulegeza, taratibu, kwa mpini mrefu lakini bila kurusha mwili. Bolti ikalia kama mlango wa zamani, ikasogea robo mzunguko. Nikapiga kelele, "Hiyoo!" Akaniambia, "Kijana, tulia. Hapa ndipo watu wanapokata bolti."

8. Nenda rudi. Ikishasogea usiivute moja kwa moja mpaka mwisho. Robo kulegeza, nusu ya hiyo kurudi, mafuta, robo tena. Unga na kutu vinahitaji kutoka kwenye nyuzi za bolti. Ukilazimisha, vinajikusanya vinabana upya na hapo inakatika. Kama imekuwa nzito kuliko mwanzo, rudi nyuma.

9. Inazunguka lakini haitoki. Ilitupata na sisi. Nyuzi zilishaachia, bolti inazunguka bure, lakini mwili wake umeng'ang'ania ndani ya sikio la alteneta. Hapo unazungusha huku ukiivuta nje, mwenzako anapuliza mafuta. Ikiwa ni ya aina yenye nati upande wa pili, rudisha nati kidogo mpaka ilingane na ncha ya bolti, halafu gonga juu ya nati. Usigonge nyuzi zikiwa wazi, zitatanuka na hazitapita tena kwenye tundu. Na usigonge sikio la alteneta lenyewe. Aluminiamu haipindi vizuri, inapasuka.

Ilitoka saa nne na nusu asubuhi. Kama dakika hamsini tangu ile "tik" ya kwanza. Nusu ya bolti ilikuwa nyekundu, nusu ina unga mweupe kama chokaa.

VIPI KUHUSU MOTO?

Najua mtauliza, maana mafundi wengi wanapenda moto. Ni kweli joto linasaidia. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo ukipasha sikio, tundu linafunguka kidogo kuizunguka bolti. Lakini ndani ya injini kuna mpira, plastiki, waya, mabomba ya petroli, na wewe umetoka kupuliza mafuta yanayowaka. Fundi mzee hakutumia moto kabisa. Alisema kama ingebidi, angetumia ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, baada ya kufuta mafuta yote, na mtungi wa kuzimia moto uko pembeni. Mteja akikwambia fundi wake anataka kuchoma na gesi pale pale kwenye gari, mwambie asubiri kwanza.

NA IKIKATIKA?

Haikukatika kwetu, ila nimeshaona kwa wengine, kwa hiyo kwa ufupi.

Kama kipande kimebaki nje, kuna nafuu. Praizi ya kujifunga yenyewe inaweza kukishika, au fundi wa kuchomelea anakiwekea nati juu na kuichomelea. Joto la kuchomelea nalo linasaidia kulegeza. Betri iwe imechomolewa, maana kuchomelea kunaweza kuua vifaa vya umeme vya gari.

Kama imekatika ndani, inapigwa alama katikati kabisa, inatobolewa kwa drili kuanzia ncha ndogo, halafu kinaingizwa kile chuma chenye meno ya kinyume cha kutolea bolti. Hapo kuwa makini sana. Kile chuma ni kigumu lakini ni rahisi kuvunjika, na kikivunjikia ndani, drili ya kawaida haikitoboi. Tundu likiwa limekwenda pembeni, drili inakimbilia kwenye aluminiamu kwa sababu ni laini kuliko bolti. Hiyo kazi mpe mtu aliyeshawahi kuifanya, na ifanyike mezani kama kifaa kinaweza kutolewa na kupelekwa.

KOSA LANGU LA PILI

Bolti imetoka, tumefurahi, tunataka kufunga alteneta yangu. Bolti iko wapi? Ile ya zamani haifai tena, kichwa kimekwisha.

Mimi niliuza alteneta bila bolti zake. Zilikuja nayo dukani, nikazitupia kwenye kopo la maziwa pamoja na bolti nyingine mia. Siku zote nilikuwa naona bolti ni uchafu wa kuongeza uzito kwenye mzigo wa boda.

Jumapili hiyo, maduka ya bolti niliyoyajua yamefungwa. Nikachukua ile mbovu kama kipimo, nikavuka mpaka Ilala, nikamwaga kopo lote chini, nikaanza kulinganisha. Urefu, unene, nafasi ya nyuzi. Usichanganye hata kama inaonekana sawa. Fupi haitashika nyuzi za kutosha, ndefu inaweza kugota ndani kabla haijakaza, na yenye nyuzi za aina nyingine itaharibu tundu. Angalia pia namba za kichwani, maana zinaonyesha uimara wake. Nikaipata. Nikarudi Kigamboni saa tisa.

Fundi mzee akasafisha tundu, akapaka grisi kidogo sana ya kuzuia kutu kwenye bolti, akaianza kwa vidole. Hii nayo iandike: bolti ianze kwa vidole kila wakati, mizunguko mitatu minne, ndipo spana. Ikikataa vidole usiilazimishe. Na ikiwa imepakwa grisi usiikaze kwa nguvu zote, kwa sababu inazunguka kirahisi na unaweza kuizidisha bila kujua.

Saa kumi na moja gari likawaka. Taa ya betri ikazima. Dada akasema asante, akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo bado ninayo kichwani:

"Kaka, mimi sikukasirika kwa sababu ya bolti. Ungeniambia Alhamisi kwamba inaweza kugoma, ningewaambia wateja wangu Jumatatu. Wewe uliniambia nusu saa. Na mimi nikawaambia wateja kumi na mmoja vile ulivyoniambia."

Sikuwa na jibu. Ahadi yangu ilikuwa imeshapita mikononi mwake ikawa ahadi yake. Wawili kati ya wale kumi na mmoja walighairi oda.

HESABU YANGU

Faida niliyotarajia: 40,000.
Fundi mzee, siku mbili: 30,000.
Kopo la mafuta ya kutu: 10,000.
Pantoni na nauli, kwenda na kurudi mara kadhaa: 9,000.

Nimetoka na hasara ya 9,000, pamoja na Jumamosi na Jumapili yangu. Alitaka kuchangia hela ya fundi, nikakataa, kwa sababu nusu saa ile niliisema mimi.

NILICHOBADILISHA DUKANI

Haya ndiyo ninayofanya sasa, na unaweza kuyachukua kama yalivyo.

Kwanza, siahidi tena muda wa kufunga. Naahidi vitu vilivyo mikononi mwangu tu: kifaa kimepimwa, kitatoka saa ngapi, kitafika saa ngapi. Muda wa kufunga ni wa gari la mteja na fundi wake, mimi siujui.

Pili, kila spea inatoka na bolti zake kwenye kifuko cha nailoni, nimeandika ni za wapi. Kama sina, nasema kabla mteja hajalipa. Hii imeniongezea wauzaji wenzangu wanaokuja kununua kwangu, kwa sababu bolti sahihi siku ya Jumapili ni dhahabu.

Tatu, nazipiga picha sehemu zinazoshikiwa, yaani masikio na nyuzi, kabla ya kufunga mzigo. Mteja akirudisha kifaa sikio limepasuka, tunaangalia picha wote wawili. Hakuna kugombana.

Nne, mteja akilipa tu, kabla hata mzigo haujatoka, namtumia meseji hii. Ichukue, badilisha maneno uendane na bidhaa yako:

"Asante kwa kununua. Mzigo utatoka kesho saa tatu. Leo jioni, gari likiwa limepoa, mwombe fundi apulize mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za kifaa cha zamani, arudie mara mbili tatu. Ajaribu kesho kabla mzigo haujafika. Gari likikaa muda mrefu, hasa maeneo ya pwani, bolti zinaweza kugoma na kazi ya saa moja ikawa ya siku nzima. Usiwape wateja wako ahadi mpaka bolti zitoke. Ikigoma, usilazimishe, nipigie."

Nilidhani meseji hiyo itatisha watu. Wapo wanaouliza maswali zaidi, na mmoja aliahirisha kununua kwa siku mbili mpaka fundi wake alipojaribu bolti. Alirudi. Bolti zilikuwa zimetoka, akalipa, akafunga, sikusikia tena kutoka kwake. Kwenye biashara ya spea, mteja aliyenyamaza ni habari njema.

Tano, nina namba za mafundi watatu wenye subira. Si wenye nguvu. Wenye subira.

KWA WEWE AMBAYE HUUZI SPEA

Angalia bidhaa yako. Kuna bolti iliyogoma mahali fulani upande wa mteja. Unauza koki, lakini koki ya zamani imeshikana na bomba la ukutani. Unauza feni ya dari, lakini ndoano ya dari yake imelegea. Unauza kioo cha simu, lakini skrubu ndogo ya ndani imelika kichwa. Huwezi kuitoa ukiwa dukani kwako, lakini unaweza kuitaja. Muulize mteja maswali mawili kabla hajalipa: cha zamani kimekaa muda gani, na nani atakitoa?

Yule dada bado tunawasiliana. Mwezi uliopita alinitumia picha ya jirani yake, gari lingine, taa ile ile ya betri. Chini ya picha aliandika: "Nimeshamwambia apulize mafuta leo jioni. Njoo na bolti zako."